Saa za Alasiri katika Nchi ya Chai: Malezi ya Watoto baada ya Shule Roret

Roret ni kituo cha biashara katika eneo la Bureti, kusini mwa Kaunti ya Kericho, kikizungukwa na mashamba ya wakulima wadogo. Shamba la kawaida ni la familia moja: chai kwenye mteremko, mahindi karibu na nyumba, pengine kipande cha mananasi, na ng'ombe wa maziwa wawili au watatu. Mtoto wa shule katika eneo hili hulelewa kati ya saa mbili zisizopatana. Saa ya shule humwachilia mchana au alasiri. Saa ya chai humwachilia mzazi wake jioni, na siku nyingine usiku. Swali la nani anayemtazama mtoto katika muda ulio katikati lina umri wa miaka sitini hivi tu, kwa sababu kabla ya hapo hakukuwa na saa ya shule wala ya chai iliyowatenganisha watu wa boma moja.

Kabla ya chai, Wakipsigis wa Bureti waliishi katika ujirani uitwao kokwet, mkusanyiko wa maboma yaliyosaidiana katika kulima, kujenga na kuamua kesi. Mama hakulea peke yake. Alipokwenda shambani au kutafuta kuni, mtoto mchanga alibaki mgongoni mwa cheplakwet, msichana mdogo aliyepewa kazi hiyo rasmi, kwa kawaida mwenye umri wa kati ya miaka sita na kumi. Alikuwa dada wa mtoto, binamu, au binti wa jamaa aliyeombwa kuja kukaa. Wavulana wa rika hilo walichunga ndama na mbuzi karibu na boma, na walipokua wakaenda na ng'ombe mbali zaidi. Bibi, ambaye Wakipsigis humwita kogo, alikuwa juu ya mpango huo wote: ndiye aliyejua nani yuko wapi, ndiye aliyegawa uji, na jioni ndiye aliyewakusanya wajukuu kwa vitendawili na hadithi mpaka usingizi uwachukue.

Mpango huo haukuwa wa kubahatisha. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 watafiti wawili kutoka Marekani, Sara Harkness na Charles Super, waliishi kwa takriban miaka mitatu katika jamii moja ya Wakipsigis ambayo katika maandishi yao waliiita Kokwet. Maandishi hayo yanaonyesha malezi yenye ngazi zake. Miezi ya kwanza mtoto alikuwa wa mama karibu saa zote. Baadaye cheplakwet alimchukua kwa sehemu kubwa ya mchana, mama akiwa umbali wa kusikia kilio. Mtoto alipoweza kutembea vizuri aliingia katika kundi la watoto wa boma, akitazamwa na wakubwa wake, na kabla hajatimiza miaka saba naye alikuwa ametumwa, amechota, amechunga au amebeba mtoto. Wazazi walipima akili ya mtoto kwa namna mbili, ya darasani na ya nyumbani, na waliithamini sana hii ya pili: mtoto anayeona kazi inayohitaji kufanywa na kuifanya bila kuambiwa. Ni kosa kuuita utaratibu huo utumikishaji wa watoto, kama ilivyo kosa kuupamba. Ulikuwa na gharama, na gharama hiyo ilimwangukia zaidi msichana kuliko kaka yake, jambo lililodhihirika wazi shule ilipofika.

Chai yenyewe iliingia Kericho kama mali ya kampuni. Katikati ya miaka ya 1920 Brooke Bond na James Finlay zilianza kufungua mashamba makubwa katika ardhi ambayo serikali ya kikoloni ilikuwa imewanyang'anya Wakipsigis. Sehemu ya ardhi hiyo ilikuwa imetolewa baada ya Vita Vikuu vya Kwanza kwa maofisa wa Kiingereza waliojeruhiwa vitani, wakajaribu kulima kitani na kushindwa. Katika mashamba hayo ya kwanza hakuna aliyefikiria malezi ya watoto wa wafanyakazi, kwa kuwa watoto wenyewe walikuwa sehemu ya wafanyakazi. Vidole vyao vyepesi na mshahara wao mdogo viliwapendeza wenye mashamba, na wavulana wengi walitoka Nyanza kuja kuchuma majani Kericho. Malalamiko yaliongezeka, na mwaka 1938 kamati ya serikali ya kikoloni ikachunguza ajira ya watoto nchini, mashamba ya chai yakiwa miongoni mwa yaliyotazamwa zaidi.

Ajira hiyo ilipungua polepole. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia kampuni zilianza kupendelea mfanyakazi mwenye familia, anayekaa miaka mingi, kuliko kijana anayekuja kwa mkataba na kuondoka. Nyumba za familia zilijengwa, zahanati zikafuata, kisha shule za msingi ndani ya shamba. Wanawake walipokuwa wachumaji wa kudumu, kampuni zilianzisha vyumba vya kulelea watoto wachanga karibu na makazi, ambapo mwanamke mmoja au wawili walioajiriwa walikaa na watoto mama zao wakiwa kwenye chai. Chama cha wafanyakazi wa mashamba, KPAWU, kilichoundwa mwaka 1963, kilijadiliana na waajiri juu ya mishahara, nyumba na likizo, na ustawi wa familia ukawa jambo la kawaida mezani.

Mantiki ya kampuni haikuwa mpya. Mwaka 1816 Robert Owen alifungua huko New Lanark, Scotland, taasisi ambamo watoto wadogo wa wafanyakazi wa kiwanda chake cha pamba walitunzwa na kufundishwa wazazi wakiwa kwenye mashine. James Finlay nayo ilikuwa kampuni ya Glasgow iliyoanza mwaka 1750 na kumiliki viwanda vya pamba vya Scotland muda mrefu kabla ya kugusa chai. Kiwandani na kwenye shamba kubwa, mwajiri anayehitaji mikono ya mama kwa saa zilizopangwa hulazimika kufikiri juu ya mtoto wake. Kazi inahesabiwa, saa zinahesabiwa, na pengo la malezi huonekana kwenye hesabu kama siku ambayo mchumaji hakuja.

Roret haikufuata njia hiyo, na hapo ndipo historia yake inapotofautiana na ile ya majirani zake wa mashamba makubwa. Eneo hili lilikuwa ndani ya hifadhi ya Wakipsigis. Kwa miaka mingi serikali ya kikoloni iliwazuia Waafrika kulima chai, kwa kisingizio cha ubora. Kizuizi kililegezwa chini ya Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954, uliohimiza ugawaji wa hati za ardhi na mazao ya biashara kwa wakulima wa Kiafrika. Mwaka 1960 iliundwa mamlaka maalumu ya mazao hayo, na mwaka 1964 nafasi yake ikachukuliwa na Mamlaka ya Kustawisha Chai Kenya, KTDA, ambayo mwaka 2000 iligeuzwa kuwa kampuni inayomilikiwa na wakulima kupitia viwanda vyao. Leo inahudumia zaidi ya wakulima 600,000 nchini. Litein, Kapkatet na Tebesonik ni miongoni mwa viwanda vyake katika ukanda huu wa Bureti.

Chai ya mkulima mdogo ilibadilisha siku ya nyumbani kuliko zao lolote lililotangulia. Mahindi hudai kazi nyingi kwa majuma machache, kisha humwacha mtu apumue. Mchai haupumziki. Majani mawili na chipukizi huwa tayari kila baada ya siku saba hadi kumi na nne, mwaka mzima, na yakichelewa hukomaa na kukataliwa. Uchumaji huanza asubuhi umande ukiwa bado juu ya majani. Jani lililochumwa lazima lifike kiwandani siku hiyohiyo, la sivyo huchacha kwenye kikapu. Kwa hiyo mchumaji akimaliza shambani hajamaliza kazi: hubeba majani hadi kwenye banda la kununulia, huyatandaza na kuondoa yale magumu, hupanga foleni ya mzani, husubiri karani aandike kilo, na mara nyingi husubiri lori. Barabara zikiwa na tope, lori hufika usiku. Katika banda hilo ndipo kinamama wengi wa Roret walipopoteza jioni zao.

Hali ya hewa nayo ina sehemu yake. Kericho na Bureti hupata mvua nyingi alasiri, unyevu wa Ziwa Victoria unapopanda na kukutana na baridi ya nyanda za juu, na mara kwa mara huwa mvua ya mawe. Inanyesha saa ileile ambayo watoto wanatoka shule, mama bado yuko chini ya paa la banda na kikapu chake. Mtoto wa miaka saba hufika nyumbani amelowa, moto umezimika, mlango umefungwa kwa kufuli.

Katika kampuni, mwanamke anayechuma ni mfanyakazi. Roret, mwanamke anayechuma chai ya mumewe, au ya baba mkwe, alihesabiwa kuwa yuko nyumbani. Hati ya ardhi kwa kawaida ilikuwa kwa jina la mwanamume, nambari ya mkulima kiwandani ilikuwa yake, na malipo pamoja na bonasi ya mwisho wa mwaka yaliingia kwa jina hilo. Hakuna mwajiri aliyeona sababu ya kufungua chumba cha watoto, maana hakukuwa na mwajiri. Kiwanda kilinunua majani, hakikununua saa za mama. Kina baba wengi nao walikuwa na ajira mbali, katika mashamba makubwa, mijini, au katika biashara. Ukweli huu mmoja unaeleza zaidi kuliko mwingine wowote kwa nini nchi ya wakulima wadogo ilibaki bila malezi ya mpango wakati kilomita chache kutoka hapo kulikuwa na vyumba vya watoto. Uliwaonea wanawake wa Roret, ambao walifanya kazi ileile ya dada zao wa mashamba makubwa, na saa zao zikabaki bila jina.

Wakati huohuo shule ilikuwa inamchukua cheplakwet. Misheni ya Africa Inland Mission ilikuwa Litein tangu miaka ya 1920, na shule za kanisa zilienea Bureti, lakini kwa miongo mingi wavulana ndio waliopelekwa zaidi, na msichana aliachwa nyumbani kwa sababu kulikuwa na mtoto wa kubeba. Mizani ilianza kugeuka baada ya uhuru. Mwezi Desemba 1973 Rais Jomo Kenyatta aliamuru karo ifutwe kwa darasa la kwanza hadi la nne. Mwaka 1979 Rais Daniel arap Moi alianzisha maziwa ya bure shuleni, na katika nyumba maskini pakiti hiyo ilikuwa sababu tosha ya kumpeleka msichana darasani. Mwaka 1985 mfumo wa 8-4-4 uliongeza masomo na kurefusha siku ya madarasa ya juu. Mwezi Januari 2003 elimu ya msingi ikawa bure kote nchini, na watoto zaidi ya milioni moja wakaongezeka shuleni. Kila hatua ilikuwa ushindi kwa msichana, na kila hatua ilimwondoa mlezi mmoja nyumbani bila kuweka mwingine mahali pake. Cheplakwet hakufutika kabisa. Alihamia katika saa za baada ya shule: alifika nyumbani, akavua sare, akambeba mdogo wake, akasonga ugali, na kazi ya mwalimu ikasubiri taa.

Kwa watoto ambao hawajafika umri wa shule, jibu la kwanza la pamoja lilikuwa chekechea. Katika Kenya kwa jumla, shule nyingi za aina hiyo zina mizizi katika miaka ya Hali ya Hatari, tangu 1952, ambapo kinamama wa Mkoa wa Kati waliohamishiwa vijijini kwa nguvu walilazimishwa kufanya kazi za jumuiya na watoto wao wakakusanywa mahali pamoja. Bureti haikupitia vijiji hivyo. Huku chekechea ilikuja baada ya uhuru kwa njia ya harambee: wazazi walichanga, kanisa likatoa jengo lake siku za wiki, na msichana aliyemaliza darasa la saba akalipwa kidogo na wazazi hao ili awafundishe. Mwaka 1980 usimamizi wa shule hizo ulihamishiwa Wizara ya Elimu, na mwaka 1984 kituo cha taifa cha elimu ya watoto wadogo, NACECE, kikaanzishwa katika Taasisi ya Elimu ya Kenya ili kufundisha walimu na kutunga mitaala. Katiba ya 2010 iliikabidhi kazi hiyo kwa kaunti.

Chekechea ilisaidia asubuhi tu. Watoto huachiliwa mchana, na hata madarasa matatu ya kwanza ya shule ya msingi kwa desturi hutoka mapema kuliko madarasa ya juu. Yaani mtoto mdogo kuliko wote ndiye anayetoka wa kwanza na kusubiri muda mrefu kuliko wote. Ratiba hiyo ilitungwa kwa kuangalia uwezo wa mtoto wa kukaa darasani, jambo la haki, lakini ilidhani kwamba nyumbani kuna mtu. Familia nyingi ziliamua mtoto mdogo asubiri uwanjani mpaka kaka au dada yake atoke, na wazazi wa Kenya wamekubali hilo kwa muda mrefu kiasi kwamba halionekani tena kuwa tatizo.

Kuanzia miaka ya 1980 pengo la alasiri lilijazwa na vitu vitatu ambavyo havikuanzishwa kwa ajili ya malezi. Cha kwanza kilikuwa tuisheni. Shindano la mtihani wa darasa la nane, KCPE, liliwafanya walimu wabaki na wanafunzi hadi jioni na kuwaita Jumamosi na likizoni. Watoto walichoka na wazazi walilipa, lakini mama aliye kwenye banda la chai alijua mtoto wake yuko chini ya paa, na mtu mzima yuko naye. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 ilipiga marufuku tuisheni ya likizo, na kanuni za mwaka 2015 zikaweka saa za shule za kutwa: masomo kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa tisa na nusu alasiri, kisha michezo na shughuli za vilabu hadi saa kumi na dakika arobaini na tano. Kusudi lilikuwa kumlinda mtoto dhidi ya mzigo wa masomo, na lilikuwa kusudi jema. Mjadala wa wakati huo ulihusu mitihani na ada. Malezi hayakutajwa sana, ingawa kwa wazazi wengi wa vijijini hayo ndiyo waliyokuwa wakiyalipia.

Cha pili kilikuwa bweni. Shule za binafsi, ambazo watu huziita akademi, zilienea katika Kericho na Bomet tangu miaka ya 1990, na nyingi ziliweka mabweni hata kwa watoto wa madarasa ya chini. Mkulima aliyepata bonasi nzuri aliona bweni kuwa elimu bora. Lilikuwa pia suluhisho la alasiri zote kwa mkupuo, kwa gharama ya mtoto wa miaka minane kulala mbali na mama yake wiki kumi na mbili mfululizo. Mwishoni mwa mwaka 2022 Wizara ya Elimu ilitangaza nia ya kuondoa bweni kwa gredi ya kwanza hadi ya tisa. Wazazi na wenye shule walipinga vikali, na ukali wa upinzani huo ulionyesha ni familia ngapi zilizokuwa zimejenga maisha yao ya kazi juu ya bweni.

Cha tatu kilikuwa yaya. Walimu, wauguzi, wafanyabiashara na wafanyakazi wa viwanda vya chai waliajiri msichana wa kukaa nyumbani, mara nyingi wa ukoo, kutoka tawi lisilo na ardhi ya kutosha. Kwa sura alifanana na cheplakwet wa zamani. Tofauti ilikuwa kwamba cheplakwet alilea akiwa ndani ya ukoo wake, wakubwa wakimwona, ilhali yaya alilala jikoni kwa watu wengine na mshahara wake ukapelekwa kwa wazazi wake. Sheria ya Watoto ya 2001 na Sheria ya Ajira ya 2007 zilikataza kuwaajiri watoto wadogo, na polepole wasichana walio chini ya umri walianza kutoonekana kazini humo, au kufichwa.

Kogo ndiye aliyebaki wa bure, na ndiye aliyebeba mzigo mkubwa. Hata hivyo bibi wa sasa si yule wa zamani. Ardhi imegawanywa kwa wana, maboma yametawanyika, na bibi wa miaka hamsini na mitano naye ana mistari yake ya chai ya kuchuma.

Soko la chai la ng'ambo lilileta kanuni zake pia. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 2000 viwanda vya KTDA vilianza kutafuta cheti cha Rainforest Alliance, na wakaguzi wakauliza kuhusu watoto shambani. Mtoto wa familia aliruhusiwa kusaidia kazi nyepesi nje ya saa za shule, mradi isidhuru masomo wala afya yake. Hapo zamani mtoto wa miaka tisa aliyetoka shule alimfuata mama kwenye chai, akachuma kikapu kidogo, na akiwa pale alikuwa anatazamwa. Kanuni zilipokaza, baadhi ya wazazi waliwakataza watoto wasionekane shambani kabisa, na watoto wakabaki nyumbani peke yao. Hili halipunguzi ubaya wa kumtumikisha mtoto. Linaonyesha kwamba shambani, pamoja na kazi, kulikuwa pia na jicho la mama. Shule zilipofungwa kwa sababu ya korona, kuanzia Machi 2020 hadi zilipofunguliwa kikamilifu Januari 2021, watoto walirudi kwenye mistari ya chai kwa wingi, maana hapakuwa na pengine pa kuwaweka.

Mashine za kuchumia zimebadilisha hesabu kwa mara nyingine. Katika mashamba makubwa ya Kericho zilipunguza ajira kiasi kwamba Mei 2023 vijana wenye hasira walichoma baadhi ya mashine hizo. Kwa wakulima wadogo mashine ya kushikwa mkononi hufanya kwa saa chache kazi iliyochukua siku nzima, na kwa kawaida huendeshwa na wanaume. Mwanamke aliyeachiliwa na mashine hakurudi nyumbani alasiri. Wengi waliingia katika biashara ya mboga, mananasi na mitumba katika Roret, Kapkatet na Litein, ambako wateja wazuri ni wale wanaopita jioni.

Sheria imesogea kwa mwendo wa mahali pengine. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka mwajiri atenge mahali pa kunyonyeshea. Mwaka huohuo Kaunti ya Jiji la Nairobi ilipitisha sheria ya vituo vya kulelea watoto, baada ya vituo vya watu binafsi kuzagaa katika mitaa ya mabanda. Zote mbili zinamwangalia mtoto mchanga na mama mwenye mwajiri au mkazi wa mji. Mwanafunzi wa gredi ya pili ambaye mama yake anachuma chai ya familia hayumo katika yoyote kati ya hizo. Katika kata za Bureti miundo iliyo karibu naye zaidi ni shule ya msingi ya umma na jengo la kanisa. Shule ina vyumba, choo, tangi la maji ya mvua na uwanja. Kanuni za 2015 zinaipa muda wa shughuli hadi saa kumi na dakika arobaini na tano, na zaidi ya hapo haina bajeti ya mlezi, ya uji wala ya taa.